Mwezi wangu ulikuwa na siku 21

Sisi watu wa dagaa tunahesabu siku kwa mwezi wa angani. Giza likiingia tunashusha taa ziwani, dagaa wanaufuata mwanga, tunazungusha wavu. Mwezi ukikomaa taa zetu hazina kazi tena, basi tunarudi nyumbani, tunashona nyavu na kugombana na wake zetu juu ya hela. Nimekulia hivyo katika mwalo wa Igombe, pale mitumbwi inapotua kando ya Ziwa Victoria, Mwanza, na mpaka nafika miaka 27 sikuwahi kuhitaji kalenda ya ukutani. Kwa hiyo nilipokaa mbele ya daktari wa saratani kule mlimani, hospitali ya Bugando, akaniambia kuanzia leo mzunguko wako wa dawa ni siku 21, niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuwa nimeelewa, na ilibaki kidogo hilo linigharimu.

Ilikuwa kende ya kulia. Hospitali wanasema korodani, na mwaloni wana neno lao ambalo siwezi kuliandika mama yangu akiwa hai. Ilianza na ugumu mdogo upande mmoja, kama punje ya hindi lililokauka. Haikuuma. Kwetu kisichouma bado hakijawa ugonjwa, kwa hiyo niliiacha. Baada ya miezi miwili ilikuwa ngumu yote na nzito, na nikitaka kukaa kwenye ubao wa mtumbwi lazima niisogeze kwanza, kama mtu anayepanga mzigo. Chuchu nazo zilikuwa zinauma. Kamba ya wavu ikinigusa kifuani naruka. Nikasema ni baridi ya ziwa.

Zahanati ya kwanza waliniuliza swali moja tu, kama nimetoka nje ya ndoa. Nikasema hapana. Wakaandika ndiyo. Nikapigwa sindano, nikapewa vidonge vya wiki mbili, na mke wangu naye akaitwa achomwe. Jioni ile nyumbani siisimulii, aliyeoa ataijua. Vidonge vikaisha, uvimbe uko palepale. Wakarudia dozi. Uvimbe ukaongezeka. Ndipo mtu wa pale pale akanishika kwa sekunde mbili, akasema hili ni busha, njoo Ijumaa tukutoe maji kwa sindano.

Aliyeniokoa na hiyo Ijumaa ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaendesha bodaboda. Aliniuliza njiani, bila aibu hata kidogo: "Shemeji, maji gani hayo magumu kama jiwe?" Alhamisi hakunipeleka kazini, alinipeleka hospitali nyingine mjini. Kulikuwa na tabibu mmoja kijana, nadhani mdogo kwangu. Alizima taa ya chumba, akawasha tochi ya simu, akaiweka nyuma ya uvimbe na kuinama kutazama.

"Maji yanapitisha mwanga, kaka. Ingekuwa busha, hapa pangeng'aa pekundu kama kidole ukikiweka juu ya tochi. Hapa giza tupu."

Mimi nimelala maisha yangu yote juu ya maji yenye taa. Hakuhitaji kuniambia mara ya pili. Siku hiyohiyo nikapigwa utrasaundi, na kabla ya jua kuzama nina barua ya kupanda mlimani. Kijana yule alisema jambo moja zaidi ambalo nilikuja kulielewa baadaye: nishukuru sindano ya Ijumaa haikuniingia. Uvimbe wa namna hii hauchomwi kupitia ngozi ya mfuko, wala hauchukuliwi kinyama cha kupima kwanza. Ukichomwa hapo unaweza kumwaga chembe za saratani kwenye njia nyingine kabisa ya mitoki, zile tezi za mwilini. Unatolewa mzima, kupitia kinenani.

Kabla ya kupasuliwa nilitumwa kupima damu, vitu vitatu ambavyo uvimbe wa namna hii unaweza kuvipandisha: AFP, hCG na LDH. Huyo wa katikati ana kisa. Maabara moja ya mjini, foleni imejaa, dada wa dirishani akasoma karatasi yangu, akanitazama, akasoma tena.

"Kaka, hiki ni kipimo cha mimba. Mgonjwa yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Benchi zima likageuka. Mzee mmoja wa maabara, nyuma kule, akasema bila kuinua kichwa, "Mtoe damu, dada. Huyo ni mgonjwa wa uvimbe." Majibu yakatoka: hCG 1,900, wakati mwanaume mzima anatakiwa karibu na sifuri. AFP 940, nayo juu mno. Homoni ile ambayo kijiti cha mimba huitafuta kwenye mkojo wa mwanamke, uvimbe wangu ulikuwa unaitengeneza wenyewe, na ndiyo maana chuchu zilikuwa zinauma kama za msichana. Nilipomweleza mke wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu zile sindano za zahanati. "Sasa una miezi mingapi?"

Daktari alinieleza asili ya ugonjwa kwa namna iliyonikaa. Mtoto akiwa bado tumboni, chembe zitakazokuja kuwa mbegu au mayai hazizaliwi mahali pake. Zinasafiri katikati ya mwili mpaka zifike kwenye korodani au ovari. Nyingine hupotea njiani. Ndiyo sababu uvimbe wa chembe hizi waweza kutokea kifuani, ndani ya kichwa, au kwenye mkia wa uti wa mgongo kwa kichanga, si kwenye korodani pekee. Kwenye foleni ya dawa nilikutana na mama mmoja ambaye binti yake wa kidato cha pili alikuwa nao kwenye ovari. Wamemtoa ovari moja, wamemwachia nyingine na kizazi chake, na dawa anazochomwa ni zilezile zangu. Yule mama tulikuwa tunasalimiana kama ndugu. Nyumbani nilipouliza, mama yangu akakumbuka kitu ambacho hakuwahi kunitamkia: nilizaliwa kende ya kulia haijashuka, ikashuka nikiwa tayari natambaa. Hiyo nayo inaongeza uwezekano. Alilia sana akidhani ni kosa lake. Nikamwambia mayu, hata madaktari hawajui mlango gani hasa uliachwa wazi.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kusema, ni kovu la inchi chache kinenani na siku tatu kitandani. Hofu ndiyo ilikuwa kubwa. Sisi ni wafugaji pia, tunajua dume aliyehasiwa anavyokuwa, na wajomba walikaa kikao kabisa. Daktari akawaambia kende moja nzima inatosha kwa ndevu, kwa sauti, kwa kitanda na kwa watoto. Mjomba mkubwa akauliza swali ambalo wote walikuwa wanalingoja: "Na hiyo moja, mnaihakikisha?" Daktari akasema atajitahidi aihakikishe.

Sasa hesabu. Baada ya kuondoa uvimbe, vipimo vya damu vinatakiwa kushuka kwa mwendo unaojulikana. AFP hupungua nusu kila siku 5 mpaka 7. hCG hupungua nusu kwa siku moja na kitu. Daktari alinichorea kwenye daftari: 940, wiki moja 470, wiki mbili 235, wiki tatu iwe 120 au pungufu. Wiki ya tatu nikapima. Ilikuwa 610. Hakusema kitu, alizungushia tu duara. Ina maana kuna kiwanda kingine kinaendelea kufanya kazi, na picha ya siti skani ikakionyesha: mitoki nyuma ya tumbo, karibu na mshipa mkubwa wa damu, yenye ukubwa wa sentimita 3 na nusu. Mapafu yalikuwa safi.

Wodini jirani yangu alikuwa baba wa miaka 41, naye ametolewa kende, lakini yake iliitwa seminoma, aina nyingine ya saratani hii, na ilikuwa haijatoka nje ya kende. Yeye alipewa njia tatu achague: kufuatiliwa tu kwa vipimo bila dawa yoyote, au dozi moja ya dawa iitwayo kaboplatini, au mionzi. Akachagua kufuatiliwa, akaenda zake Sengerema kulima. Nilimwonea wivu mpaka nikaona aibu. Mimi yangu patholojia, yaani kipimo cha uvimbe wenyewe kwenye darubini, ilisema ni mchanganyiko wa aina zaidi ya moja, na AFP ikipanda basi si seminoma tupu, hata darubini iseme nini. Mionzi haiisaidii sana aina yangu. Kinachoimaliza ni dawa za dripu.

Hapo nami nikapewa kuchagua, na nilishangaa kwamba mvuvi anaulizwa. Ama mizunguko 3 ya dawa tatu, bleomisini, etoposidi na sisiplatini, ambayo wenyewe huiita BEP. Ama mizunguko 4 ya dawa mbili bila bleomisini. Matokeo yanakaribiana sana. Tofauti ni kwamba bleomisini hugusa mapafu, hasa kwa mtu mzima zaidi, mwenye figo mbovu au mvuta sigara. Daktari akaniuliza navuta ngapi. Nikasema usiku wa kazi pakiti, maana bila sigara mtu anasinzia kwenye taa. Akauliza kama nazamia kwa mtungi wa hewa. Nikamwambia sisi wavu ukinasa tunazamia kwa pumzi zetu. Akanipima mapafu, yakaonekana bado mazuri. Mizunguko 4 ni siku 21 zaidi za kukaa mjini, nauli zaidi, chakula zaidi. Nikachagua 3, na pakiti ya mwisho nikamwachia mlinzi wa getini. Alinishukuru sana.

Swali la watoto alilileta yeye, kabla ya dripu ya kwanza. Dawa hizi hukausha mbegu. Kwa wengi hurudi baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa wengine hazirudi, na aliye na uwezo huhifadhi mbegu zake kwenye baridi kabla ya kuanza. Uwezo huo sikuwa nao. Nina mtoto mmoja wa kike, nikasema huyo anatosha kama Mungu hatatoa mwingine. Kuna siku nalifikiria, kuna siku silifikirii.

Juu ya sisiplatini nitasema kidogo, kwa sababu nilikaa nayo saa nyingi mshiponi na nilitaka kumjua mgeni wangu. Ndani yake kuna platinamu, madini yanayotengenezewa pete. Mwaka 1965 huko Marekani, Michigan, mtafiti Barnett Rosenberg alikuwa anajaribu umeme kwenye bakteria, akaona wameacha kugawanyika, wanarefuka tu kama nyuzi. Umeme haukuwa na kosa. Vipande vya platinamu vilivyotumika kupitisha umeme vilikuwa vinayeyuka kidogo kidogo ndani ya maji yale, na hapo ndipo sisiplatini ilipojulikana. Mwaka 1974 daktari Larry Einhorn wa Indiana akaichanganya na dawa nyingine akawapa vijana waliokuwa wanakufa kwa ugonjwa kama wangu, na wakaanza kupona. Leo aliye katika kundi langu, lile la hali nzuri, hupona zaidi ya 9 kati ya 10. Hata ukirudi bado kuna mchanganyiko mwingine wa dawa. Nilimsimulia tajiri wangu hayo yote. Akauliza pete ya platinamu ni bei gani.

Siku 5 za kwanza za kila mzunguko unalala wodini. Wanakupima urefu na uzito, wanapiga hesabu ya dawa. Kwanza maji, chupa juu ya chupa, yenye chumvi na magnesiamu, ndipo sisiplatini, kisha maji tena. Figo zisipooshwa zinaungua. Kila mkojo unaweka kwenye jagi, sista anaandika kipimo. Mimi niliyezaliwa kando ya ziwa hili sijawahi kunywa wala kukojoa maji mengi hivyo. Bleomisini huchomwa siku ya 1, ya 8 na ya 15, hizo mbili za mwisho unatoka nyumbani unarudi nyumbani. Usiku wa ile ya kwanza nilitetemeka kwa homa mpaka kitanda kikalia. Kutapika kulizuilika kwa vidonge, ila harufu ya dagaa, harufu ya nyumba yangu na ya hela yangu, ikawa adui kwa miezi mitatu.

Na ngozi. Bleomisini hukupa muwasho mgongoni, ukijikuna panabaki michirizi myeusi mirefu kama ya fimbo. Bibi yangu alinikuta nimevua shati, akaita watu. "Nani amemchapa mjukuu wangu?" Ilibidi shemeji aje aeleze. Mjomba wa Magu naye akaleta chupa ya mizizi. Daktari alikuwa ameshatuonya, figo zangu hazina nafasi ya dawa mbili. Mama aliipokea chupa kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka juu ya kabati. Iko pale mpaka leo.

Fedha zilitoka hivi: nusu yangu ya mashine ya Yamaha niliiuza kwa mwenzangu, na kila mtumbwi wa mwalo wetu ulitoa ndoo moja ya dagaa. Hazikutosha. Hapo ndipo nilipofanya lile nililolitaja mwanzo.

Mzunguko wa pili ulitakiwa kuanza Jumatatu. Wiki hiyo giza lilikuwa limekolea, dagaa wanatoka kuliko miezi mingi, na mimi nina nguvu. Nywele zimeondoka, ndiyo, lakini mikono ipo. Nikajiambia siku sita si kitu, dawa iko hospitali haikimbii. Nikaenda. Nilivua usiku sita, nikarudi na hela ya kueleweka, nikapanda mlimani Jumapili nimejaa furaha ya mtu aliyelipa deni.

Daktari hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Alichukua damu. AFP ilikuwa imeshuka kutoka 610 mpaka 140, lakini yeye alitegemea iwe chini zaidi ya hapo. Akaandika tarehe mbili kwenye karatasi, ile niliyopaswa kuja na ile niliyokuja, akaweka kidole katikati. Dripu moja, akasema, haiui chembe zote. Inaua sehemu. Siku 21 zimepangwa ili damu yako ipate muda wa kujijenga, lakini uvimbe usipate. Zilizobaki baada ya dripu ya kwanza ndizo sugu, na wewe umezipa siku sita za kuzaana.

"Unavua kwa mwezi, nimesikia. Huu ugonjwa hauna mbalamwezi, mdogo wangu."

Nimeshagombezwa na manahodha wenye midomo, hakuna aliyenifikisha pale. Nilitoka nikanunua kalenda kwa machinga, ile yenye picha ya mnyama, nikaigongomelea ukutani juu ya kitanda. Tarehe za mzunguko wa tatu mke wangu alizizungushia kwa lipstiki yake, maana kalamu haikuonekana.

Mzunguko wa tatu chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, zilikuwa chini nilipofika. Nilikuwa nimejiandaa kurudishwa. Daktari akasema huna homa, huna kidonda, ugonjwa unaopona hatuuahirishi kwa sababu ya namba peke yake, tunaanza leo. Tukaanza. Homa ilikuja siku ya 11 ya mzunguko huo, saa tano usiku, kipimo kikasoma 38.6. Mimi nilisema tungoje asubuhi. Mke wangu alikuwa ameshampigia mdogo wake aje na pikipiki. Nililala wodini siku nne kwa dawa za mshipani, na wale wa zamu waliniambia saa zile ndizo zilizokuwa na maana.

Siti skani ya mwisho mitoki ilikuwa imesinyaa chini ya sentimita moja. Ingebaki mikubwa zaidi, kwa aina yangu ya uvimbe wangenipasua tumbo waitoe, maana ndani ya mabaki panaweza kujificha uvimbe uliokomaa ambao dawa haziuui. AFP ikarudi kawaida. hCG nayo. Mimba ikaisha, kama asemavyo mama watoto.

Kuna vitu havijarudi. Masikioni kuna mlio mwembamba, kama mashine ya boti iliyo mbali upande wa Ukerewe, haukati. Ncha za vidole zimekufa ganzi. Zamani nilikuwa naunga tundu la wavu gizani kwa kugusa tu, sasa naangalia kwa macho kama mwanafunzi, na vijana wananisubiri. Tajiri amenihamishia kwenye taa. Na kila nitakapopelekwa chumba cha upasuaji, kwa jambo lolote, mpaka uzee, lazima nimwambie mtu wa dawa ya usingizi kwamba nilichomwa bleomisini, asinijaze oksijeni nyingi kuliko ninavyohitaji. Nimeliandika hilo kwenye karatasi, liko nyuma ya kitambulisho.

Kende iliyobaki najikagua mwenyewe kila mbalamwezi, kwa sababu ndipo ninapokuwa nyumbani na maji ya moto yapo. Kwa damu na picha wananifuatilia kwa ukaribu miaka hii miwili ya kwanza, kwani ukirudi mara nyingi hurudi ndani ya hiyo. Kipimo changu kijacho kimeangukia Alhamisi, katikati ya giza lenyewe. Tajiri amenuna tangu juzi. Nimemwambia atafute mtu wa kushika taa usiku huo.